Shikamoo Isiyoitikiwa

Nyinyi mnaovaa vitambulisho shingoni na kupokea wageni pale gatini Kilwa Masoko, mnanicheka. Nimewasikia; masikio yangu hayajastaafu. Mnasema Mzee Chande hata akivuka kwenda mazikoni Kisiwani anahesabu abiria mara mbili, halafu anainama kuangalia viatu vyao. Ni kweli nainama. Na kiuno kinauma, kwa hiyo mjue sifanyi kwa raha.

Juzi mmoja wenu, simtaji kwa jina, mama yake namheshimu, aliniuliza mbele ya wageni kama natafuta kiatu cha kuiba. Leo namjibu, na wengine msikilize, maana swali lilikuwa zuri japo adabu haikuwepo.

Kwanza kabisa, habari ya viatu ni ya Mzee Mfaume. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, enzi ambazo mwongoza wageni alikuwa mtu yeyote anayejua kusema karibu kwa Kiingereza na mwenye kandambili zisizokatika. Mimi nilikuwa nimetoka kwetu Mchinga na shati moja la heshima. Mzee Mfaume alikuwa na sura ya mtu aliyetoka kung'ata ndimu, na sikumbuki kama ilibadilika hata siku ya Idi. Siku ya kwanza tunarudi na wageni kutoka magofuni akaniambia, "Hesabu."

Nikahesabu. Wametimia.

"Tena."

Nikarudia. Wametimia.

"Umehesabu nini?"

"Watu, mzee."

"Watu gani? Umehesabu kofia wewe."

Alikuwa sahihi. Bwana mmoja alikuwa amevua kofia yake na kuvaa ya mkewe. Mimi nikamhesabu mara mbili, kwa kila kofia mara moja, na mke nikawa nimemwacha kule kwenye gofu la Husuni Kubwa anapiga picha popo. Tuliporudi kumchukua hakuwa na habari kwamba ameachwa. Mumewe naye hakuwa na habari, lakini hayo ni ya nyumbani kwao.

Tangu hapo nikashikishwa utaratibu: hesabu ya kwanza nyuso, hesabu ya pili viatu. Maji yakiwa yamekupwa, boti haifiki ufukweni, mgeni anavua viatu, anaviacha botini, anakanyaga maji mpaka nchi kavu. Akirudi anavivaa. Kiatu kilichokaa peke yake, mwenyewe hayumo. Nyuso za wageni zikishapigwa jua zote zinakuwa moja, na ukiongeza miwani myeusi ndiyo basi tena. Lakini sijaona watu wawili waliotoka makwao na viatu vilivyolika sawasawa. Mkitaka kuijua kazi hii, jifunzeni viatu. Mtu mwenye raba nyeupe zisizo na doa ataomba kurudi mapema. Mwenye viatu vilivyoshonwa shonwa atataka kufika mpaka mwisho wa kisiwa, na atawabania bei.

Sasa nije kwenye mlima.

Nilikuwa nimebakiza kidogo kuacha kazi pale mradi mmoja wa utalii ulipokuja na mpango wa kubadilishana. Waongozaji wa pwani waende mlimani, waongozaji wa mlimani waje pwani, tujifunze wenyewe kwa wenyewe namna ya kumtunza mgeni. Mlima wenyewe ulikuwa Mlima Kenya, upande wa Meru. Kutoka Kilwa tukachaguliwa watatu. Mimi. Bakari, nahodha wa boti tuliyofanya nayo kazi, Mmatumbi, mtu wa maneno mengi kuliko injini yake. Na Bi Somoe, ambaye wageni wote waliowahi kula mchana Kisiwani wamekula kwake, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache hayarudii.

Niwaambie ukweli kwa nini niliutaka ule mlima. Miaka yote nimepokea wageni waliotoka milimani. Wanafika kwangu wanachechemea, midomo imebabuka, na wanasimulia. Mimi namwonyesha mtu msikiti wa mawe ya matumbawe uliosimama kabla babu ya babu yake hajazaliwa, yeye ananionyesha picha yake kileleni. Halafu lazima aniulize: "Na wewe ulishapanda?" Nilikuwa najibu kwamba mimi ni mtu wa usawa wa bahari. Wanacheka, nami nacheka. Sasa ukichekea jambo moja miaka mingi, siku moja unashtuka unalitaka. Nikajiwekea moyoni: kabla sijastaafu, nami nipigwe picha kileleni, niitundike sebuleni, mgeni akianza habari za milima namnyoshea kidole ukutani, basi, tuendelee na magofu.

Koti nililipata mnadani Lindi, kwenye mitumba. Muuzaji akanieleza ni koti maalumu la kuchezea kwenye theluji. Nikamuuliza theluji Lindi inanyesha mwezi gani. Akapunguza. Nikamuuliza mteja wake aliyepita alikuwa nani. Akapunguza tena. Kisha nikateleza ulimi, nikasema nakwenda Mlima Kenya, akataka kupandisha. Lakini nilikuwa nimeshalivaa na nimeshalilipia, nikaondoka nalo mwilini mchana wa jua la Lindi, natiririka jasho kama mtungi mpya, ili asipate pa kulishika.

Kiongozi wetu kule alikuwa mwanamke, jina lake Kagendo. Mmeru, mwembamba, makamo ya binti yangu wa pili, viatu vya ngozi vilivyoshonwa kwa waya. Nilipoviona tu nikajua huyu hatanii. Alikuwa na msaidizi, kijana mwenye gambuti za bluu, Mwiti. Wapagazi walitangulia na mizigo, kwa hiyo njiani tulikuwa watano: wawili wao, watatu sisi. Nilikuwa nimewahesabu tangu getini, nyuso kisha viatu. Bakari buti zenye kamba nyekundu. Bi Somoe raba za mjukuu wake. Mimi buti nilizozipata kwa bei nzuri, tatizo lao walizitengeneza kwa ajili ya mtu mkubwa zaidi.

Siku ya kwanza haina hadithi, tulilala kwenye kibanda cha chini. Siku ya pili ndiyo yenyewe. Ilikuwa tutoke pale asubuhi, tupite kwenye bonde refu, tufike kibanda cha juu jioni, na kesho yake ndiyo kilele.

"Ni mbali gani?" nilimuuliza Kagendo.

"Masaa saba. Na nyinyi, nane."

"Fanya matano."

Akanitazama. "Mzee, unaniomba nikupunguzie mlima?"

"Si wote. Hapo katikati tu."

Bakari akasema, "Mwache, dada. Huyu alimwomba shehe apunguze hotuba siku ya ndoa yake mwenyewe."

Kagendo alitupa masharti yake kabla hatujainua mguu. Tembea polepole, upime hatua zako. Kunywa maji hata kama huna kiu. Na kichwa kikiuma, sema. "Mtu asinifiche. Huko juu hewa ni nyembamba. Mwili wako utakudanganya, na wewe usinidanganye mimi."

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na ni kosa la mtu wa biashara. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu alfajiri, kinapiga kama mtu anatwanga kisamvu ndani. Alipofika kwangu akauliza, "Mzee Chande, kichwa inauma?" Nami, kwa mazoea ya maisha yangu yote, sikuweza kutaja bei kamili mara ya kwanza.

"Kidogo," nikasema. "Kama cha njaa."

Nilimpunguzia karibu robo tatu. Yeye, bila kujua kwamba nimepunguza, akaichukua hivyo hivyo.

Kosa la pili lilikuwa la malezi. Kwetu ukipishana na mtu njiani bila kumsalimu, huyo mtu akifika anakokwenda anauliza, "Yule mwenzenu ana nini, amefiwa?" Kule mlimani wapagazi wa makundi mengine wanashuka na mizigo, na mimi kila mmoja namsalimu ipasavyo. Hujambo, habari za huko, mmelalaje, wa nyumbani hawajambo, watoto je. Wao wamejibu "poa" wakiwa wameshapita, mimi nimegeuka nawafuatishia swali la ng'ombe. Kila salamu inakula pumzi. Nilipofika ya wajukuu nilikuwa nahema kama mbwa wa pwani mchana.

"Mzee," Kagendo akasema, "hiyo pumzi utaihitaji."

"Siwezi kuwapita watu kama kuku."

"Inua mkono tu. Mkono ni salamu."

Nikainua mkono. Lakini nilijiona mshenzi, na kila aliposhughulika mbele nilikuwa naibia moja moja.

Mchana bonde likaanza kubadilika. Miti tuliyoizoea ilikuwa imekwisha, nyasi zimesimama mafungu mafungu kama vichwa visivyochanwa, kijito kinapita pembeni na maji yake ukiyagusa vidole vinasahau kazi. Bi Somoe alikuwa anatembea mbele, mikono nyuma, kama anakwenda kudai kitu. Mgongoni alikuwa na kifurushi cha korosho za kukaanga, zilizotoka kwa shemeji zangu Kilangala, tulizopanga kuzila kileleni. Nyuma yake Bakari, anasimulia. Nyuma yake mimi. Sikuwa nasikia tena anachosimulia, na hilo lilikuwa jema, lakini nilipaswa kujiuliza kwa nini.

Kisha ukungu ukashuka. Si kama umande wetu wa asubuhi unaokaa juu ya minazi dakika chache. Huu ulikuja unatembea, ukajaza bonde kuanzia chini, na kila kitu kikawa kivuli.

Tukasimama kunywa maji. Na kwa kuwa tumesimama, nikahesabu.

Saba.

Nikarudia, kama nilivyofundishwa. Nane.

Nikamsogelea Kagendo nikamnong'oneza, maana ukiwa kazini humwaibishi mwenzako mbele ya wageni. "Mwanangu, umeongezewa watu."

"Watu gani?"

"Wale pale. Wamejiunga njiani. Wamelipa kiingilio?"

Bakari akacheka mpaka akashika magoti. Mwiti naye akacheka. Kagendo akatabasamu, tabasamu la kwanza siku ile. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kazini nimewaona wengi wa namna ile: unatoka na kundi lako la watu waliolipa, ukifika msikitini unakuta wengine wameshajipenyeza nyuma wanasikiliza maelezo bure. Na hawa walikuwa wanajitia hawatuoni.

Mmoja alikuwa karibu na njia. Mzee, nilimwona kabisa kwamba ni mzee. Mrefu, amesimama wima, amejifunika koti zito la manyoya kuanzia shingoni mpaka chini, na kichwani nywele zimesimama, nyeupe kwa baridi. Bure au si bure, mkubwa ni mkubwa. Nikamwendea, nikavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Kimya.

Nikadhani hasikii vizuri, umri ule. Nikaongeza sauti. "Shikamoo!"

Kimya. Hata shingo hakugeuza.

Sasa mimi nimeamkia watu wa kila aina. Nimemwamkia mtu aliyekuwa ananidai, nimemwamkia mtu niliyekuwa namdai, ambayo ni ngumu zaidi, na wote waliitikia. Nikageuka kwa Kagendo nimeumia kwelikweli. "Wazee wa kwenu hawaitikii? Au ni kwa sababu mimi ni wa pwani?"

Bakari alikuwa amekaa chini kwa kicheko, machozi yanamtoka. "Chande! Utatuua, Chande!"

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Maisha yangu yote mimi ni mtu wa mizaha. Wote walijua. Kama ningekuwa mtu wa sura ya Mzee Mfaume, nikisema neno moja la ajabu wangeshtuka palepale. Mimi walinicheka, na ningeendelea kuchekwa mpaka nianguke, kama si Bi Somoe.

Bi Somoe hakucheka. Alikuwa amenikazia macho, chupa ya maji mkononi. Akasema, "Chande hatanii."

"Anatania, mama, unamjua," akasema Bakari.

"Namjua. Akitania anaangalia watu kama wamecheka. Leo haangalii."

Nadhani ni mara ya kwanza kusikia injini ya Bakari imezimika katikati ya maji.

Kagendo alikuja mbele yangu, akanishika kidevu kama mtoto, akanitazama machoni. "Mzee Chande, uko wapi hapa?"

"Kazini."

"Nataka utembee. Hapa, kwenye huu mstari. Kisigino cha mguu huu mbele ya kidole cha huu. Mpaka kwa Mwiti."

Nikaona dharau gani hii. Nikatembea. Yaani nilianza kutembea. Mguu wa kulia ulikwenda nilikoutuma, wa kushoto ukawa na safari zake. Hatua chache nikajikuta nimemkumbatia Mwiti. Mimi, ambaye tangu nizaliwe sijaonja pombe, nayumba mchana kweupe mbele ya mama mtu mzima.

"Nusu ya mstari nimemaliza," nikamwambia Kagendo. "Tukubaliane hapo."

"Tunarudi chini," akasema. "Sasa hivi. Mimi na wewe. Hawa wataendelea na Mwiti."

Vijana, nyote mmekutana na mgeni asiyetaka kuondoka. Maji yanakupwa, boti itakaa kwenye matope, nahodha anapiga kelele, yeye anasema picha moja tu, dakika moja tu, nimelipa, nimetoka mbali. Mnajua mnavyomwona mtu wa namna ile. Basi yule alikuwa mimi. Yote aliyonifanyia kila mgeni mkaidi tangu nianze kazi, nilimlipa yule binti kwa mkupuo mmoja.

Nilimwambia nimetoka mbali. Nilimwambia nastaafu. Nilimwambia tufike kibanda cha juu tu, kilele niachie. Akakataa. Basi nusu ya njia iliyobaki. Akakataa. Basi nikae pale kwenye jiwe niwasubiri. Akakataa. Nikamwambia wewe ni sawa na binti yangu, huwezi kunishusha mlima kama mzigo.

Hakupandisha sauti. "Mlima hauuzwi, Mzee. Kwa hivyo sina bei ya kukupunguzia."

"Kila kitu kina bei."

"Hii pia iko nayo. Ndio sitaki uilipe."

Nikamgeukia mwenzangu. "Nahodha, mwambie."

Nilitegemea utani. Bakari alikuwa amesimama, kofia mkononi, uso wake siujui. "Chande, leo wewe ni abiria," akasema. "Nahodha ni huyu dada. Abiria hashiki usukani."

"Na wale waliodandia je? Mimi nirudishwe, wao waendelee bure?"

Bakari akamtazama Kagendo, kisha akanitazama. Halafu akafanya kitu ambacho mpaka leo sijamlipa. Alinisogelea, akasema kwa ile sauti ya Mzee Mfaume, ya kubana pua, maana naye alipitia mikononi mwake: "Hesabu."

"Nimeshahesabu. Nane."

"Umehesabu nini?"

"Watu."

"Umehesabu kofia wewe. Hesabu viatu."

Kazi ni kazi. Nikainama, nikashika magoti. Buti zenye kamba nyekundu. Raba za mjukuu. Ngozi na waya. Gambuti za bluu. Buti zangu za mtu mkubwa. Nikarudia. Watano.

Nikamwendea yule mzee wa koti, nikainama mpaka chini, nikapapasa kwa mkono. Pale ambapo palipaswa kuwa na viatu palikuwa na mawe, na shina limeingia ardhini. Koti lilikuwa majani makavu yaliyokufa na kung'ang'ania shina, tabaka juu ya tabaka. Kichwa kilikuwa kabichi kubwa, au kitu mfano wa kabichi, limepakwa barafu. Huko kwao ni mmea, umejaa bonde zima, na wageni wanatoka mbali kuupiga picha.

Mimi naweza kubishana na mtu yeyote. Nimebishana na mkuu wa forodha. Lakini hesabu ya viatu sijawahi kubishana nayo, na nilipoinuka nikawatazama wale wengine kwenye ukungu, bado niliwaona ni watu. Macho yananiambia watu, viatu vinaniambia hakuna. Hapo ndipo nilipoogopa. Baridi ile haikutoka nje. Nilimfikiria mke wangu Mwanahawa amekaa na jirani barazani anachambua mchele, anasema, "Wangu yuko mlimani," anajidai.

"Tushuke," nikasema.

Bi Somoe alinifunga kanga yake moja kichwani juu ya kofia, hakuniuliza. Bakari akasema, "Picha nitakupigia."

Tukashuka, mimi na Kagendo, amenishika mkono kwa juu ya kiwiko kama polisi. Kila baada ya mwendo fulani anasema, "Mzee, hesabu."

"Watatu."

"Nani wa tatu?"

"Yule pale."

"Huyo tunamwacha. Hesabu viatu."

"Vinne."

"Basi twende."

Tukaenda. "Hesabu." Watatu. "Hesabu." Watatu, ila huyu wa mwisho simwamini. "Hesabu." Akili ilikuwa inarudi kidogo kidogo, kama maji yanavyojaa, hulioni wimbi lenyewe lakini jiwe lililokuwa kavu limelowa. Kichwa nacho kikaanza kulegea. Wakati fulani nikamuuliza kama amewahi kupata mgeni mbishi kuliko mimi.

"Kulikuwa na mmoja," akasema. "Tulibishana sana. Akanishinda."

Hakuongeza. Nami ni mwongozaji, najua mahali ambapo mgeni hapaswi kuuliza swali jingine.

"Hesabu, Mzee."

"Wawili."

"Viatu?"

"Vinne."

"Rudia."

Nikarudia. Wawili, vinne. Akaniachia mkono, kisha akageuka kando akajifuta uso kwa kilemba chake muda mrefu kuliko jasho linavyohitaji.

Mwaka uliofuata Kagendo alikuja Kilwa, zamu ya wa mlimani. Mwanamke yule asiyeogopa jabali alikaa katikati ya boti ya Bakari ameshika ubao kwa mikono miwili, macho ameyafumba, wakati bahari imetulia kama chai kikombeni. Kule Husuni Kubwa alikuwa hataki kuondoka, anachungulia kila chumba. Nikamwambia maji yanakupwa, tunarudi. Akafungua mdomo. Nikamwona kabisa anataka kuomba dakika moja. Akaufunga, akachukua viatu vyake akatangulia. Mkipata mgeni wa namna hiyo, mpeni madafu bure.

Bakari na Bi Somoe walifika kileleni. Bakari atawasimulia, hamna namna ya kumkwepa, na kila mwaka mlima unaongezeka urefu. Bi Somoe ukimuuliza anasema, "Bakari alifika. Nilimsukuma." Korosho walizila huko juu zote. Picha niliyoahidiwa ipo sebuleni kwangu: inamwonyesha Bakari, kilele hakionekani, kimezibwa na kichwa chake.

Lakini nilikuwa sijamaliza siku yangu ile ya kushuka. Tulikaribia kibanda cha chini na ukungu haujaondoka. Pembeni mwa njia, mbele yetu kidogo, kuna mtu amesimama. Mrefu, amejifunika blanketi zito kuanzia shingoni, hatikisiki. Nikajiambia, Chande, safari hii hawakupati. Nikakaza shingo, nikampita karibu kabisa, kimya, bila hata kuinua mkono.

"Haiya!" sauti ikatoka nyuma yangu. "Kagendo, huyu mzee wako wa pwani ni wa wapi, hasalimii watu?"

Alikuwa mlinzi wa kibanda, mtu mzima wa makamo yangu, ametoka kutupokea kwenye baridi.

Nikageuka. Kwanza nikaangalia chini. Gambuti mbili, nyeusi, ya kushoto imezibwa kwa kipande cha tairi. Nikaangalia tena: mbili. Basi nikarudi, nikavua kanga na kofia, nikamwamkia kuanzia yeye mwenyewe, mkewe, watoto wake wote, mpaka mbuzi. Na yeye, Mungu ambariki, aliitikia moja moja.